Mtamba Mwenye Kiwele

Jumanne ya pili ya mwezi wa tatu, mwaka juzi, nilifiwa na mke wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa ametengeneza filamu. Nyumbani kwetu Karatu aliacha kompyuta ndogo iliyong'oka herufi moja, projekta aliyoinunua ikiwa imeshatumika, spika, na filamu yenyewe, ya saa moja na dakika ishirini, ambayo haikuwa imeuzwa hata nakala moja.

Sitaandika jinsi alivyougua. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo haitawasaidia. Nitaandika jinsi nilivyouza filamu, kazi ambayo sikufundishwa na mtu. Mimi ni fundi baiskeli. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mke wangu alikuwa akiusahihisha kwa kalamu nyekundu, hata ikiwa ni orodha ya vitu vya dukani.

Filamu inaitwa *Mahari Inatoroka*. Kijana wa Kimbulu anataka kuoa. Anapanda Ngorongoro, ananunua mtamba kwa Mmasai, anamteremsha mpaka kwa mama mkwe awe mahari. Kesho yake mtamba anakata kamba na kurudi kwao. Kijana anamfuata, anamrudisha, ng'ombe anatoroka tena. Mama mkwe anasema: mpaka ng'ombe akae zizini kwangu siku saba mfululizo, binti haendi popote. Basi, filamu ndiyo hiyo. Haina bunduki wala jini. Bwana harusi alikuwa muuza mitumba wa stendi. Mama mkwe alikuwa jirani wa shangazi yangu kule Endabash, mwanamke ambaye hata bila filamu watu humpisha njia sokoni. Mmasai alikuwa mlinzi wa lodge, aliomba ruhusa ya siku mbili akisema anaumwa jino. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika kamba ya ng'ombe na kutoonekana.

Tulipomaliza, mke wangu alikwenda Arusha kwa msambazaji mmoja wa filamu. Niliandamana naye. Yule bwana alitazama dakika chache huku anajibu simu, kisha akauliza, "Staa wako ni nani?"

Mke wangu akamwambia, "Ng'ombe."

Hakucheka. Tulirudi Karatu siku hiyo hiyo, na njiani ni sisi wawili tuliocheka, tukicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Baada ya mazishi, siku ya kuanua matanga, shemeji yangu, kaka yake marehemu, alisimama mbele ya watu akasema, "Ndugu zangu, dada yetu ameacha filamu. Anayetaka kutushika mkono, anunue." Alisema kwa moyo mzuri kabisa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa mwenyewe sikujua.

Watu walinunua. Filamu ilikuwa kwenye flashi, na kila flashi mke wangu alikuwa ameifunga uzi mwekundu kwa mkono wake. Walizichukua zote, hata mabibi ambao nyumbani hawana pa kuzichomeka. Nilifurahi. Nikasema, kumbe kuuza filamu ni rahisi.

Baada ya mwezi nikaanza kuuliza. Mteja akileta baiskeli, namuuliza, "Uliionaje filamu?"

"Nzuri sana pole sana." Wote walisema hivyo, kwa pumzi moja.

"Sehemu gani uliipenda?"

"Yote. Mungu ampumzishe."

Siku moja jirani alinikaribisha chai. Redio yake ilikuwa inaimba kwaya, na ubavuni mwake niliona flashi yenye uzi mwekundu. Nikaitazama. Naye akaona ninaitazama, akasema kwa furaha, "Shemeji, flashi ile ilinisaidia kweli. Inashika nyimbo nyingi!"

Nilimaliza chai yangu. Nilimwambia ni kweli, ni flashi nzuri.

Nikapata ushauri kwamba siku hizi filamu ni mtandaoni. Tukaiweka mtandaoni. Maoni yakaanza kuja, na mimi nikayasoma moja moja kwa hamu. "Pumzika kwa amani mwalimu." "Mbele yako nyuma yetu." Mmoja aliuliza ibada ni saa ngapi, na ilikuwa imeshapita miezi mitano.

Lakini lililonivunja moyo lilitokea sokoni. Nilikuwa natafuta spoku za baiskeli, nikasikia sauti ya mama mkwe, yule wa Endabash, ikigomba ndani ya banda la video. Nikaingia mbio. Mwenye banda aliponiona alisimama, uso umembadilika.

"Kaka, samahani."

"Umeipata wapi?"

"Niliinakili. Nisamehe, kaka, nazima sasa hivi."

"Yaani umeiiba?"

"Nimeiiba."

Nikampa mkono. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaogopa zaidi. Nilikuwa nawaza: mwizi haibi kitu kibaya! Mwizi ameitazama, akaona inafaa, akaichukua! Nikamuuliza kwa nini aliichagua hiyo.

"Si nilikuwepo msibani," akasema. "Sikuwa na chochote mfukoni, nikaona aibu. Nikasema basi angalau niionyeshe hapa bure, marehemu ajulikane."

Nikatazama benchi. Kulikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa amelala. Nilitoka nimesahau spoku. Hata mwizi alikuwa ameniibia kwa huruma.

Hapa lazima niseme kilichokuwa kinanisumbua, maana mtu anaweza kufikiri nilikuwa natafuta sifa. Wakati mke wangu anaunganisha vipande vya filamu, alikuwa ananiita niache baiskeli nije nione. Kisha ananiuliza, "Inachekesha kweli?" Nasema inachekesha. Ananitazama. "Wewe ni mume wangu. Hujui." Alikuwa na hofu hasa na wafugaji wa Ngorongoro na Loliondo, kwa sababu nusu ya filamu ni habari yao. "Ndugu zetu wakicheka, ni ndugu zetu," alisema. "Wale wakicheka, hapo nitajua nimetengeneza filamu." Alitaka kuipeleka Wasso, kule Loliondo. Hakufika.

Kwa hiyo niliamua niipeleke mimi, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba nimefiwa, wanitukane au wacheke, vyovyote, ila iwe ni filamu wanayoitazama.

Nilikuwa na sababu moja ya kutokwenda. Ng'ombe wa filamu walikuwa wawili. Tulianza na mtamba wa jirani mwingine wa Endabash, mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Katikati ya kazi, jirani akampeleka mnadani bila kutuambia, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa. Mke wangu alishika kichwa. Mimi ndiye niliyesema, "Usijali, nitakuletea mwingine, hakuna atakayejua." Nikapata wa pili kule Ganako, mwekundu vile vile, lakini hana doa. Nikampaka doa la chokaa. Nililichora vizuri, nilirudia mara tatu, na kwa kweli doa langu lilikuwa linapendeza kuliko la yule wa kwanza. Sikuangalia kitu kingine. Wakati nimeshamfikisha ndipo nilipogundua kwamba yule wa kwanza alikuwa mtamba, hajazaa, na huyu wangu ananyonyesha. Mwanga ulikuwa unapotea, baadhi ya watu walikuwa wameruhusiwa kazini kwao siku hiyo tu. Tukapiga picha hivyo hivyo.

Mimi nimekulia Endabash, nyuma ya ng'ombe. Kosa hilo ni la kuchapwa. Na watu wa kwetu waliliona, nina hakika, maana Mmbulu naye ana ng'ombe. Lakini nani atamwambia mfiwa kwamba ng'ombe wa marehemu ana kasoro?

Nilishuka Mto wa Mbu, nikapanda basi la Wasso. Projekta niliipakata mapajani kama mtoto. Aliyeketi karibu nami alikuwa Mmasai wa umri wangu, amevaa koti juu ya shuka, ana duka la kuchajia simu huko Wasso na ni mzee wa kanisa, haya yote aliniambia kabla hatujafika Engaruka. Kisha akauliza, "Hicho ni nini, redio?"

"Projekta. Naonyesha filamu."

"Ya injili?"

"Ya ng'ombe."

Akageuka mwili mzima. "Ng'ombe wa wapi?"

Nikamsimulia. Alisikiliza bila kunikatiza, akauliza bei ya mtamba, akasema kijana alinunua ghali. Kisha, "Ni nzuri hiyo filamu?"

"Mwanzo ni mzuri," nikasema. "Katikati pana wimbo mrefu, mtu akitoka kujisaidia hapotezi kitu. Mwisho mimi huwa nacheka, lakini mimi nimeizoea."

"Wewe hujui kuuza."

"Sijui."

"Mimi ningesema hata wafu wakisikia wanaamka kuja kuitazama."

Nikatazama dirishani. Tulikuwa tunapita chini ya Oldoinyo Lengai na vumbi lilikuwa limetuingia mpaka kwenye meno. Sikumwambia. Hakuwa ameuliza, na kutoulizwa si uongo.

"Utalala kwangu," akasema. "Kesho ni mnada, watu wapo wengi. Ukumbi wa kanisa naushika mimi. Lakini kutangaza niachie."

Kesho yake, saa nne asubuhi, alikodi pikipiki, akafunga spika mbele, mimi nikakaa nyuma nimeinua bango la mke wangu, lile lenye picha ya ng'ombe anayekimbia na kiatu kimoja cha bwana harusi. Tukazunguka mnada mzima, katikati ya mbuzi na watu, yeye akinguruma kwa Kimaasai. Kila tulipopita watu walicheka na kunitazama mimi, si bango. Wazee waliinua fimbo. Wanawake waliokuwa wanauza shanga walishika midomo.

"Unasema nini?" nikamuuliza.

"Natangaza filamu."

"Mbona wananicheka?"

"Nimesema kuna Mbulu hapa ameshindwa kuchunga mtamba mmoja, amekuja Wasso kuomba ushauri."

"Lakini hiyo si..."

"Ni uongo?"

Nikafikiri. "Hapana," nikasema. "Ni kweli tupu."

"Basi shika bango juu."

Saa nane ukumbi ulijaa. Walikaa mpaka chini kwenye sakafu. Madirisha yalikuwa hayana mapazia, hivyo watu walivua shuka zao wakayaziba, na mwanga uliopenya ukawa mwekundu, na kila aliyetokea kwenye shuka nyeupe tuliyoitundika ukutani alikuwa mwekundu kidogo, kama mtu aliyetoka kilabuni. Jenereta ilikuwa nje nyuma ya ukuta. Mwenyeji wangu alisimama kando ya picha na kuwatafsiria wazee. Bwana harusi akisema neno moja, yeye anasema kumi, na watu wanacheka mahali ambapo mke wangu hakuweka kichekesho. Jambo hilo lilinitia wasiwasi. Nilitaka kujua wanamcheka nani.

Mtamba alipotoroka mara ya kwanza, walishangilia. Walimshangilia mtamba. Mara ya pili, kijana mmoja mwenye panga kiunoni alipiga kelele kwa Kiswahili, "Huyo anarudi nyumbani! Mwacheni mtoto wa watu!" Nikaanza kulegea. Nikasema moyoni, wanacheka kweli.

Ikafika mara ya tatu. Bwana harusi anatokea nyuma ya kilima akimvuta ng'ombe, na anayesukuma kwa nyuma, asiyeonekana, ni mimi. Mbele kabisa alikuwa ameketi mama mmoja mzee, masikio yamejaa shanga, fimbo mapajani. Wenzake wote walimwita *yeyo*, mama. Akasimama, akaenda mpaka ukutani, akagusa picha kwa ncha ya fimbo, pale pale, chini ya tumbo la ng'ombe. Akasema maneno machache.

Mwenyeji wangu akaacha kutafsiri. "Simamisha," akaniambia. "Yeyo anauliza, huyu ng'ombe amezaa lini?"

Nilisimamisha. Picha ikaganda, ng'ombe amesimama ubavu, kiwele kizima.

Ukumbi ukalipuka. Waliojua Kiswahili walisema kwa Kiswahili ili nami nisikose.

"Juzi mtamba, leo anakamuliwa!"

"Na pembe! Wa kwanza pembe zimefunguka, huyu zimejikunja!"

"Bwana harusi mwizi! Kambadilisha njiani!"

"Si nilisema? Kijana yule ana macho ya kuuza ng'ombe wa baba yake!"

"Kamlipa mkwe mtamba, halafu kamletea ng'ombe mzee. Wambulu nyie!"

Walikuwa wanamtazama bwana harusi kwa hasira tamu kabisa. Mwenyeji wangu akanijia karibu. "Wanauliza, ndiyo hila yenyewe? Kijana amemlaghai mama mkwe? Waambie, wanataka kujua."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na filamu ingekuwa ya mwanamke mwerevu aliyewatega watu wa Wasso. Au ningeweza kusema kwamba aliyeitengeneza amefariki, na ukumbi mzima ungenyamaza kwa heshima, na hakuna ambaye angeuliza tena habari ya kiwele. Hilo nalo lilikuwa la kweli. Lakini ningekuwa nimerudi Karatu bila kupanda basi.

Nikasimama. "Hapana," nikasema. "Kijana hana kosa. Ng'ombe wa kwanza aliuzwa mnadani kabla hatujamaliza kazi. Huyu wa pili nilimtafuta mimi. Nilimpaka chokaa usoni afanane. Nilidhani watu watatazama uso."

Mwenyeji wangu akatafsiri. Kisha wakacheka mpaka jenereta haikusikika.

"Uso!"

"Mbulu anamtazama ng'ombe uso, anataka kumwoa!"

"Ero, wewe bwana, mke wako ulimtazama nini?"

Nami nilicheka. Ila kulikuwa na mzee mmoja kwenye kiti cha pembeni ambaye hakucheka. Alingoja wamalize, akaniuliza kwa Kiswahili cha polepole, "Filamu umetunga wewe?"

"Hapana, mzee. Mke wangu."

"Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nashika kamba."

"Basi umeshika. Kaa chini, tumwone mwenye filamu anasemaje."

Nikakaa. Nikaiachia filamu iendelee, nikingoja kelele nyingine. Ule wimbo mrefu ukapita. Ng'ombe akakaa zizini siku ya tano, ya sita, ya saba. Kisha ikaja sehemu ambayo haikuwa kwenye daftari la mke wangu. Aliiongeza siku ya mwisho, asubuhi, ghafla. Mama mkwe anachuchumaa, anamkamua yule ng'ombe, anajaza kikombe cha bati, anampa bwana harusi. Anasema, "Kunywa, mwanangu." Bwana harusi anakunywa. Mama mkwe anamtazama muda mrefu bila kusema kitu, mpaka kijana anainamisha macho. Ndipo anamwita binti yake.

Siku ile nilimuuliza mke wangu kwa nini tunaongeza kazi wakati watu wamechoka. Akanijibu, "Maziwa yapo, tuyatumie." Nilidhani ni kubana matumizi. Na sehemu hiyo nimeitazama mara nyingi sana, na kila mara niliona mama anayembariki mkwe wake. Sikuona kingine.

Yeyo alipiga kofi moja kubwa la mikono yake miwili. Akasimama tena.

"Anajua!" kijana wa panga akapiga kelele. "Mama mkwe anajua!"

"Alijua tangu ng'ombe alipoingia zizini!"

"Kamnywesha uongo wake mwenyewe!"

"Na kamsamehe. Tazama, kamsamehe, lakini kamwambia kwa macho: nimekuona."

Mwenyeji wangu alikuwa amesahau kabisa kutafsiri, anacheka na kujifuta machozi. Yule mzee wa kiti cha pembeni akanigeukia.

"Umesikia? Mwenye filamu alikiona kiwele."

"Sijui, mzee," nikasema. "Hakuniambia."

"Akuambie wewe? Wewe na chokaa yako?"

Nilitaka kubishana, kwa sababu sikuwa na uhakika na sipendi kukubali jambo nisilolijua. Lakini nilikumbuka siku moja mchana, alipokuwa anaunganisha vipande, nikamsikia anacheka peke yake chumbani, anacheka mpaka anakohoa. Nikaingia na mikono yenye grisi nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna. Rudi kwenye baiskeli yako." Bwana harusi wa kweli aliyeletewa maziwa siku ile pengine hakuwa muuza mitumba, bali mimi. Sina ushahidi. Naandika nilichokikumbuka.

Filamu ikaisha. Jina la mke wangu likapita ukutani, peke yake, kwa kuwa wengine wote alikuwa amewaandika "na majirani". Yeyo akaniuliza kitu, na mwenyeji wangu akatafsiri: "Anasema, mbona hukuja na mke wako? Anataka kumwona mwanamke huyo."

"Amefariki, yeyo," nikasema. "Mwaka juzi."

Mwenyeji wangu alinitazama kwanza, nadhani alikumbuka maneno yake ya wafu kule ndani ya basi. Kisha akatafsiri kwa sauti ya chini. Nikajiandaa kupokea yale niliyoyazoea. Yeyo akanisogelea, akanitemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wa kwao wanavyombariki mtu, akasema maneno marefu. Watu wakaanza kucheka kabla sijaelewa.

"Anakupa pole," mwenyeji wangu akasema. "Anasema marehemu alikuwa mwanamke mjanja sana. Na anasema inaonekana alikuvumilia."

Nikamwambia ni kweli, alinivumilia. Nilicheka na machozi yalinitoka, yote mawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Nakala nilizobeba zilichukuliwa zote. Mmoja alitaka apunguziwe kwa sababu ng'ombe ni wa uongo. Mwingine akamjibu kwamba hapo ni ng'ombe wawili kwa filamu moja, aongeze. Wenye simu walipanga foleni kwa mwenyeji wangu awarushie. Wakati huo waliokuwa mnadani wakiuza mbuzi walikuwa wamesikia kelele na kuja, wamejaa mlangoni, wanauliza mtamba gani, kiwele gani. Wale wa ndani wakakataa kusimulia. Wakasema ianze tena.

Ilipoanza tu, jenereta ikakohoa na kuzimika. Petroli ilikuwa imekwisha. Nikafikiri ndiyo mwisho, nikaanza kukunja waya. Yule mzee asiyecheka akatoka nje. Baada ya muda tukaenda kumtazama: amesimama kando ya pikipiki ya mwanawe, mwanawe anapinga, na mwenyeji wangu amechuchumaa na mpira mdomoni anavuta petroli, anatema, anavuta.

Jenereta ikawaka. Shuka zikarudishwa madirishani. Yeyo hakurudi mahali pake. Alikwenda kukaa katikati ya wageni wale waliotoka mnadani. Mtamba alipotokea kwa mara ya kwanza, akinunuliwa kule juu, aliinua fimbo yake, akaanza kuwaambia waliomzunguka. Mwenyeji wangu akaninong'oneza anachosema: "Mtazameni chini ya tumbo. Sasa hivi hakuna kitu. Ngojeni."